Mlango Usiofungwa Komeo

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa nguo. Chumba chake cha kazi kilikuwa kimoja tu, kinachotazama barabara. Cherehani ilikaa karibu na dirisha, meza ya kukatia vitambaa ilikaa katikati, na pembeni lilining'inia pazia la buluu ambalo nyuma yake wateja walijaribia nguo zao. Chiriku alizijua kazi zake. Alipitisha sumaku sakafuni kukusanya pini zilizoanguka. Akapanga vifungo kwenye makopo, vyeupe na vyeupe, vyeusi na vyeusi. Mwisho alichukua kikopo chenye mdomo mwembamba akaidondoshea cherehani mafuta, kwa sababu Baba alimfundisha kwamba chuma kikikosa mafuta huanza kulalamika.

Na wakati wote huo alikuwa akiongea.

Loo, mtoto yule alijua kuongea! Jina lake halisi lilibaki kwenye vitabu vya shule tu. Watu wote, hata walimu, walimwita Chiriku. Alieleza nani kaanguka uwanjani, nani kanuniana na nani, na mwalimu gani amenyoa ndevu na sasa hata mkewe anamshangaa. Cherehani ilikwenda tatata, tatata, na Baba, akiwa ameinama juu yake, alijibu, "Mm."

"Baba, unanisikia kweli?"

"Mm."

Basi, hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake. Mama, aliyekuwa mwoka mikate na mwenyewe kwa maneno hakuwa haba, alipenda kumtania. "Mwanangu, wakati tunachumbiana nilidhani baba yako ana jino bovu. Nikamwonea huruma, nikampeleka kwa daktari wa meno. Daktari akachungulia, akachungulia, akasema, mama, meno yote mazima!" Mama alicheka mwenyewe mpaka akafuta machozi. Baba alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaendelea kula.

Chiriku alicheka pia, lakini moyoni kulikuwa na kitu kinachomkera. Wenzake wakileta ripoti nzuri, baba zao waliwaambia, "Hongera, binti yangu." Yeye akileta yake, Baba aliisoma yote mstari kwa mstari, akaikunja vizuri, akasema, "Mm," akarudi kwenye kazi yake. Siku ya Wazazi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kila mwaka Mama alikuja peke yake, maana siku hiyo kila mtu anataka kuvaa kipya, na fundi hapati hata nafasi ya kupumua. Chiriku aliyaelewa hayo kwa akili. Kwa moyo hakuyaelewa hata kidogo.

Muhula ule mwalimu wa fasihi, mama mmoja mrefu aliyefunga miwani yake kwa uzi isimdondoke, aliingia darasani amebeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

"Leo tunaanza fasihi ya nchi za Nordiki," alisema. "Norwe, Uswidi, Denmaki, Ufini na Aislandi. Huko kaskazini ya mbali majira ya baridi ni marefu mno, na jua huonekana kwa shida. Zamani watu walikaa ndani, wakakaa, wakakaa. Ninyi mngekaa ndani hivyo, mngefanya nini?"

"Tungegombana!" mtu alisema kutoka nyuma.

"Vizuri sana. Kisha mngeanza kusimuliana nani kagombana na nani. Masimulizi yao mengi ya kale yanahusu jambo hilo hilo."

Darasa likacheka. Mwalimu akafunua bakuli. Ndani mlikuwa na barafu nyeupe, laini, aliyoikwangua kwenye friji ya mwenye duka jirani na shule. Bakuli likazungushwa, kila mmoja akachukua kidogo mkononi. Kelele zilizotoka hapo!

"Kumbe theluji ni ile ya kwenye friji!"

"Weee, inauma!"

"Sasa fikirini imejaa uwanja wote wa mpira mpaka kiunoni," Mwalimu alisema, "na nyinyi mmelala humo kwenye kijumba cha mbao."

Mvulana mmoja hakuitupa yake. Aliifumbata kiganjani mpaka ikayeyuka yote, akakunja uso, akawa anatazama jinsi vidole vyake vinavyobadilika rangi. Huyo aliitwa Kwanini. Jina hilo alipewa na darasa zima, na mtu akikaa naye kwa muda mfupi tu anaelewa limetoka wapi.

Madawati yakasogezwa ukutani, wanafunzi wakakaa duara. Mwalimu akaeleza masharti. Hakuna karatasi. Watasikiliza, kisha watasimulia kwa mdomo, kisha wasikilizaji watauliza na msimulizi atajibu.

"Mjue mambo mawili," alisema. "Watu wa masimulizi haya hawasemi yaliyo moyoni mwao. Msimulizi naye hasemi 'alihuzunika' wala 'alifurahi'. Anakuambia mtu alifanya nini na alisema nini, basi. Ya moyoni utayatafuta mwenyewe. La pili, ukiulizwa swali, jibu litoke ndani ya hadithi. Lisitoke mfukoni mwako."

Akasema pia kwamba masimulizi ya kale ya kule ni marefu kama mkutano wa walimu, kwa hiyo amewatungia fupi la kuanzia, kwa kufuata mtindo wao. Akavua miwani, akasimulia:

"Palikuwa na mzee mfuga kondoo. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya bahari, naye alikuwa na binti mmoja. Binti akasema, 'Nakwenda ng'ambo kutafuta kazi.' Mzee akasema, 'Kondoo ni wengi na mimi nina mikono miwili.' Binti akasema, 'Nakwenda.' Mzee akasema, 'Mlango haujakushika.' Binti akaondoka na meli ya mwisho kabla ya barafu kuifunga bandari. Mzee hakwenda kumsindikiza.

"Theluji ikaanza. Usiku ule mzee hakufunga komeo. Upepo ukausukuma mlango, baridi ikaingia hadi kitandani. Jirani akaja, akasema, 'Mbona hufungi komeo?' Mzee akasema, 'Lina kutu.' Kila asubuhi mzee alichukua beleshi, akaondoa theluji kizingitini na njiani mpaka barabarani. Akachukua mafuta ya kondoo, akazipaka bawaba za mlango. Kisha akaenda kwa kondoo wake.

"Majira yakapita, yakaja mengine. Usiku mmoja wa theluji mtu akausukuma mlango, nao ukafunguka. Alikuwa binti yake. Mzee akasema, 'Funga mlango. Baridi inaingia.' Binti akaufunga. Mzee akainuka, akasukuma komeo, na komeo likaingia bila kelele."

Mwalimu akavaa miwani.

"Imeisha?" watoto wakauliza.

"Imeisha. Siku ya Wazazi mmoja wenu ataisimulia ukumbini, na wazazi watamuuliza maswali. Nitamsikiliza kila mmoja kwanza, kisha nitachagua."

Chiriku alijiona tayari amesimama mbele, ukumbi umejaa, na Baba amekaa kiti cha mbele. Mtoto wa mtu akichaguliwa kati ya darasa zima, baba mtu atakosaje kuja?

Alimwuliza jioni ile ile. "Baba, nikichaguliwa kusimulia Siku ya Wazazi, utakuja?"

Baba alikata uzi kwa meno. "Tutaona," alisema.

Kwa Chiriku, "tutaona" maana yake ilikuwa hapana iliyovaa nguo safi. Hata hivyo hakukata tamaa. Nyuma ya pazia la buluu kulikuwa na kioo kirefu, na kila alipomaliza kazi zake alijifungia humo akasimulia mbele ya kioo. Siku za kwanza alisimulia kama Mwalimu. Akaona haina ladha. Mzee gani huyu hacheki, halii? Akaanza kumtia chumvi. Akampa mgongo uliopinda, sauti ya mbuzi mwenye mafua, na kikohozi. Mzee akawa mvivu ajabu, hata kutengeneza komeo hawezi. "Liiina kutuuu," alisema Chiriku akijikuna tumbo, akacheka mwenyewe kwenye kioo. Yale mambo ya mafuta na beleshi aliyaruka. Hayakuchekesha.

Siku ya kusikilizwa ilipofika, darasa lilivunjika mbavu. Alipofika mwisho, akanguruma, "Fuuunga mlango! Baridi inaingia!" akaanguka chini kama mtu aliyepigwa na upepo, watu waligonga madawati. Hata Mwalimu alilazimika kufuta miwani. Chiriku akainama kupokea makofi, amejaa furaha tele.

"Maswali," Mwalimu alisema.

Kwanini akanyoosha mkono. "Kwa nini hakutengeneza komeo?"

"Mvivu."

"Mvivu anaondoa theluji kila asubuhi mpaka barabarani? Hiyo umeiacha. Mimi niliishika ile barafu, vidole vilikufa ganzi. Na mwishoni umeacha kwamba komeo liliingia bila kelele."

"Labda lilipona lenyewe," Chiriku alijibu, na darasa likacheka tena, ila kidogo. Akaona kicheko kinamponyoka, akaongeza haraka, "Pia alikuwa mlevi. Alikuwa anasahau. Halafu masikio yake hayakusikia vizuri."

"Hayo yako wapi ndani ya hadithi?" Mwalimu aliuliza kwa upole.

Chiriku akajipangusa vumbi la sakafu magotini.

"Una kipaji, binti yangu," Mwalimu alisema. "Lakini chumvi ya leo imezidi, mzee mwenyewe hatumuoni. Nenda ukamtafute yule mzee. Ijumaa ukija ukaweza kumjibu Kwanini kwa yaliyomo humo, utasimulia wewe. Ukishindwa atasimulia Kwanini."

Chiriku alitembea barabarani akiwa amevimba. Kwanini asimulie? Kwanini ambaye akisoma kwa sauti hata nzi hulala? Alipofika kwa Baba alipitisha sumaku sakafuni kwa hasira hadi pini zikamkimbia. Hakuongea. Baba aliinua macho akamtazama, akainamisha tena.

Hapo akaingia mwalimu mkuu wa shule yao, mwanamume mnene mwenye haraka.

"Shikamoo, Mwalimu," Chiriku alisema.

"Marahaba, Chiriku. Fundi, nimefuata suruali yangu."

"Bado, Mwalimu Mkuu."

"Bado tena! Juzi bado, jana bado. Siku ya Wazazi ni Jumamosi, unataka nihutubie wazazi na suruali hii yenye kiraka? Cherehani imeharibika?"

Baba aliitazama cherehani, kisha akatazama mikono yake. "Hapana," alisema. "Ilikuwa inapumzika."

"Inapumzika! Toka lini cherehani inapumzika?"

"Mm," Baba alisema. "Ijumaa jioni utaipata."

Mwalimu mkuu aliondoka akinung'unika. Chiriku alitamani ardhi ipasuke aingie. Mwalimu mkuu mzima! Sasa shule nzima itajua kwamba baba yake ni mvivu. Akainama chini ya cherehani atafute ubaya wake. Mkanda ulikuwa umekaza vizuri. Gurudumu lilizunguka laini. Sindano ilikuwa nzima, na mafuta alikuwa ameyatia yeye mwenyewe. Cherehani haikuwa na tatizo lolote.

"Ilipumzika nini sasa?" aliwaza. Akaacha, akaenda nyuma ya pazia kulitafuta jibu la Kwanini.

"Palikuwa na mzee mfuga kondoo," alianza polepole, safari hii bila mgongo uliopinda. Nje ya pazia cherehani, iliyokuwa imeanza tatata, ikanyamaza. Chiriku hakujali. Akaendelea mpaka kwenye bawaba. "Akachukua mafuta ya kondoo, akazipaka..." Akasimama. Mkononi bado alikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani. Mtu mwenye mafuta ya kupaka bawaba, anakosaje mafuta ya kupaka komeo lililo pale pale, kwenye mlango ule ule?

Akanyamaza kufikiri. Cherehani ikaanza tena, tatata, tatata.

"Halina kutu," alisema kwa sauti. "Halikuwa na kutu kabisa!"

Cherehani ikanyamaza.

Chiriku akageuza kichwa. Alisubiri kimya. Baada ya muda, tatata. Akasema, "Usiku ule mzee hakufunga komeo." Kimya. Akanyamaza yeye, tatata. Akaanza hadithi upya, na huku akisimulia alinyata mpaka ukingoni mwa pazia, akalifunua kidogo, kidogo tu.

Baba alikuwa amekaa, mguu ameutoa kwenye kanyagio, mikono imelala juu ya suruali ya mwalimu mkuu. Macho yake yalikuwa kwenye pazia la buluu. Na midomo yake ilikuwa ikitikisika pamoja na maneno ya Chiriku, kila neno, bila kukosea. Mtu haijui hadithi namna ile kwa kuisikia mara moja. Siku zote zile, kila alipoingia nyuma ya pazia, Baba alikuwa ameacha kazi ili amsikilize, na suruali za watu zikamsubiri.

Chiriku alitaka kukimbia amrukie shingoni, alitaka kucheka, alitaka kulia, vyote kwa pamoja. Badala yake alilirudisha pazia taratibu, akaisimulia hadithi mpaka mwisho, polepole, ili Baba asipoteze hata neno moja. Kisha akatoka akasema, "Baba, leo nitakusaidia kupinda suruali ya Mwalimu Mkuu."

"Mm," Baba alisema, akamsogezea sindano.

Ijumaa Chiriku alisimama katikati ya duara akasimulia bila kikohozi wala sauti ya mbuzi. Beleshi likarudi mahali pake, na mafuta, na komeo. Hakuna aliyecheka. Kwanini alisikiliza akiwa ameshikilia kidevu.

"Sasa nijibu," alisema.

"Komeo halikuwa na kutu," Chiriku alijibu. "Kama angekosa mafuta ya komeo angekosa ya bawaba pia. Aliliacha wazi makusudi. Njia aliisafisha kwa ajili ya mtu atakayekuja, na bawaba alizipaka ili mlango ufunguke hata kwa mtu aliyechoka. Alikuwa anamngoja binti yake."

"Mbona hakumwambia jirani hivyo?"

"Kwa sababu yeye siyo mtu wa kusema," Chiriku alisema. "Wapo watu hivyo. Mimi ninamjua mmoja."

Kwanini aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. "Atasimulia yeye," alimwambia Mwalimu, kama vile uamuzi ulikuwa wake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu alihutubia ndani ya suruali mpya, mstari wa chaki ya fundi ukionekana bado kwenye paja la kushoto, na watoto wa mbele walibanwa na kicheko karibu wafe. Mama alikuwa mstari wa mbele. Kwenye kiti cha pembeni yake alikuwa ameweka mkoba ili mtu mwingine asikikalie.

Chiriku alipoitwa, mkoba ulikuwa bado upo pale pale.

Alianza vizuri. Sauti yake ilikuwa tulivu, na ukumbi ukamfuata. Meli ikaondoka, theluji ikaanza, jirani akaja akauliza, mzee akasema lina kutu. Akina mama wawili wakatazamana. Beleshi, mafuta, kondoo. Binti akausukuma mlango. "Mzee akasema, 'Funga mlango. Baridi inaingia.' Binti akaufunga. Mzee akainuka..."

Macho yake yakaangukia tena kwenye ule mkoba, na maneno yakamkimbia yote. Alijua kinachofuata, alikisema mara nyingi mno, lakini kilikuwa kimekwama mahali fulani kati ya kifua na mdomo. Ukumbi ulingoja. Mtu akakohoa. Mama akaweka mkono mdomoni. Mwalimu wa fasihi akasogea hatua moja mbele, kisha akasimama, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa unafunguka.

Alisimama pale fundi wa nguo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, nyuzi zimemganda begani. Alikuwa amekuja tangu mwanzo. Aliona haya kuingia katikati ya watu, akasimama nje chini ya dirisha akasikiliza. Sasa ukumbi mzima uligeuka kumtazama, mtu ambaye wengi wao hawajawahi kusikia sauti yake. Akalamba midomo.

"Akasukuma komeo," Baba alisema kwa sauti iliyofika mpaka mbele, "na komeo likaingia bila kelele."

Kisha, asijue afanye nini tena, akaingia, akageuka akafunga mlango na kusukuma komeo la ukumbi. Nalo, loo, likapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia! Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu mkuu akasimama na suruali yake ya chaki akatangaza, "Litatiwa mafuta Jumatatu, naahidi!" Chiriku alicheka kuliko wote, machozi yakimtiririka, na Mama akauondoa mkoba kitini.

Kicheko kilipotulia, mwenye duka, yule mwenye friji, alinyoosha mkono. "Mimi nina swali. Huyu mzee alimpenda mtoto wake, sawa. Kwa nini hakumwambia tu siku ile anaondoka?"

Chiriku alimtazama Baba, aliyekuwa akijibanza kwenye kile kiti kidogo.

"Alimwambia," alijibu. "Alimwambia kila asubuhi kwa beleshi. Ila mwanzoni mimi niliyaruka maneno hayo, kwa sababu hayakuchekesha."

Mwenye duka alikaa chini. Mwalimu wa fasihi akaja mbele, akamwekea Chiriku mkono begani.

"Watoto wangu," alisema, "msimulizi mzuri kazi yake ya kwanza ni kusikiliza. Chiriku alipoanza alimtia mzee chumvi mpaka tukamcheka mtu tusiyemjua. Hakukata tamaa. Alirudi kwenye hadithi, akasikiliza kila neno, akakuta mzee ni mtu mwingine kabisa. Fanyeni hivyo mnaposoma, na fanyeni hivyo kwa watu mnaoishi nao. Wengine hupenda kwa maneno, wengine hupenda kwa mikono. Usimhukumu mtu kabla hujatazama anachokifanya kila siku." Halafu akageukia viti vya wazazi, akarekebisha miwani. "Na ninyi mnaopenda kwa mikono, siku moja moja semeni basi. Yule binti alikaa ng'ambo majira mawili ya baridi bila kujua."

Makofi yakapigwa. Mama alimpiga Baba kiwiko ubavuni, siyo kwa upole.

Walirudi nyumbani watatu, Chiriku katikati. Walikuwa wameshaupita ukuta wa shule na duka la mwenye friji wakati Baba alipokohoa. Akakohoa tena. Akaivua futi shingoni, akaanza kuizungusha vidoleni.

"Chiriku," alisema.

"Baba."

"Umesimulia vizuri sana. Nimefurahi. Ripoti zako zote ninazo, zipo kwenye droo ya cherehani. Ninajivunia wewe, mwanangu."

Mama alisimama katikati ya barabara, akashika kiuno. "Ee! Jino limepona!"

Chiriku alitaka kusema kitu. Yeye, mtoto asiyekosa la kusema, alitafuta neno moja tu lenye ukubwa wa kutosha, akalikosa. Basi akaushika mkono wa baba yake, ule wenye sugu ya mkasi, akaubana kwa nguvu.

"Mm," alisema.